Mgongo wa Mkono

Mzee aliyekuwa mchochea moto wa garimoshi hashiki kitu kabla ya kukipima kwa mgongo wa mkono. Kila asubuhi, katika kibanda cha chai cha Samsam pale Makutano, mjini Meru, huusogeza mkono hadi karibu na kikombe cha bati, akasikilizia joto, ndipo akishike. Kitasa cha mlango hukipima hivyo hivyo, na hata boneti ya gari lililolala hapo nje usiku kucha. Huongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mvuke, kwa hivyo stendi nzima ya magari hujua akiomba sukari.

Samsam alipokwenda Nairobi kuchukua vitambaa vya duka la dadake, mzee alifuatana naye, akamwomba wapitie makumbusho ya reli, akakione kichwa cha garimoshi alichokitumikia ujanani. Alibeba chupa ya oili na tambara safi, kana kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa, maana kwao mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kichwa kiling'aa rangi nyeusi mpya. Mzee alipanda taratibu, akausogeza mgongo wa mkono kwenye mlango wa tanuri, kisha akauondoa ghafla. "Imekuchoma, baba?" Samsam aliuliza. "Iko baridi," akajibu, kwa sauti ya chini ambayo Samsam hakuwahi kuisikia. "Na wamepaka rangi mpaka hapa kwa mlango. Mtu wa kuwasha moto hawezi kupaka hapa, rangi ingeungua." Oili alirudi nayo Meru. Siku hizi akiwekewa chai, hukifumbata kikombe kwa viganja vyote viwili kingali kikifuka, na hakiachilii mpaka kipoe.