Nilisema fromaji nimenunua ku soko

Nilikosa, na hakuna mutu alinisukuma. Si shetani, si vita, si njaa. Ni mimi, mudomo wangu na majivuno yangu! Jina sitaandika, juu nakaa Goma, mutaa wa Mapendo, na wanawake wa kule wananijua kwa kelele.

Mama mukwe anaishi kwetu tangu vita imufukuze Masisi. Alifika na mufuko wa nguo na fromaji moja nzima, ile jibini ya muviringo, imefungwa katika kitambaa cheupe. Aliitengeneza shemeji yangu, kaka mukubwa wa bwana yangu. Yeye alibaki kule na ng'ombe, akasema atafuata. Telefone yake ikazima, na tangu pale hatujasikia habari yake hata moja.

Mama aliweka ile fromaji juu ya kabati. Kila juma anaiteremusha, anaipangusa na maji ya chumvi, anaigeuza, anairudisha. "Ataikata yeye mwenyewe siku akifika," anasema. Mimi, nisiwadanganye, nilichoka na harufu yake. Nilikuwa nasema moyoni: chakula ni cha kula, jamani!

Basi, mudogo wangu akapanda bato, akavuka ziwa toka Bukavu kututembelea. Yule ameolewa penye pesa. Kwake kuna furu ya umeme, ile ya kuokea, na maneno yake yote ni furu, furu, furu. Hajakaa hata vizuri, ananiuliza mimi dada mukubwa: "Yaya, nyinyi huku munakulaka gratini?"

"Gratini ya makaroni? Mara kwa mara!" nikamujibu. Maisha yangu yote sijawahi kuipika.

Kesho yake nikaangalia video kwenye telefone, nikaanza. Nikachemsha makaroni. Nikakaanga unga wa ngano katika siagi, nikamwaga maziwa, nikakoroga mpaka mukono ukauma. Furu sina, lakini sisi watu wa mbabula, jiko la mukaa, tuna akili yetu: sufuria unaiweka juu ya makala kidogo, kifuniko unakigeuza na kukijaza makala ya moto, na chakula kinaiva juu na chini. Hiyo haikunishinda.

Iliyokosekana ni fromaji ya kufunika juu. Mvua ilikuwa inapiga, na mimi kushuka ku soko katika lile tope sikutaka. Mudogo wangu amesimama mulangoni na kikombe cha chai, anachungulia sufuria yangu. "Yaya, hii ni gratini ama ni uji wa makaroni?" Akacheka.

Ayi! Kile kicheko kiliniingia mpaka kwenye mifupa. Mama mukwe alikuwa ameenda kwenye maombi. Nikavuta kiti, nikapanda kabatini.

Nilijiambia nakata kipande kidogo tu, upande uliokatwa nitaugeuza uangalie ukuta. Nikakuna kwenye kikunio cha karoti, haikufunika hata nusu ya sufuria. Nikarudi. Nikarudi tena. Mwisho kile kilichobaki kilikuwa aibu kukirudisha, nikakikuna chote. Kitambaa nikakifunga juu ya bakuli la plastiki, nikaliweka pale pale juu. Mutu aliyekosa kwa bahati mbaya hafungi bakuli katika kitambaa, najua.

Gratini ikaiva. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu! Juu imekuwa kahawia, fromaji inavutika mpaka kwenye kijiko. Mudogo wangu akaongeza sahani ya pili. Mimi hapo najiona mukubwa kweli kweli.

Mama mukwe akarudi, akanawa, akakaa na sisi. Akatia kijiko mudomoni. Akaacha kutafuna.

"Mwanangu, hii fromaji ulitoa wapi?"

"Ku soko, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mumoja tu. Wako wengi pale."

Akaonja tena, macho amefunga. "Huu ni mukono wa mwanangu," akasema. "Chumvi hii! Nilimugombeza miaka yote, unazidisha chumvi wewe, watu watakunywa ziwa ya Kivu yote iishe! Ni yeye. Anatengeneza, inashuka mpaka hapa Goma. Mwanangu yuko muzima! Yuko muzima!"

Weee! Yule mama akapiga magoti pale saloni, karibu na meza. Akaimba kwa Kinyarwanda, akamukumbatia mudogo wangu, akanikumbatia na mimi. Bwana yangu, ambaye sijawahi kuona machozi yake, akainuka kwenye meza na kujipangusa uso na shati. "Kesho asubuhi tunaenda wote kwa yule muuzaji," akaniambia. "Atatuonyesha kule mizigo inatoka."

Na mimi? Nimesimama na kijiko cha kupakulia. Pale ndipo ningesema. Badala yake nikaongeza gratini kwenye sahani ya mama. Na nilitabasamu! Munisikie vizuri, nilitabasamu.

Kisha mama akasema neno lililonimaliza. "Teremusheni na ile yake ya kabatini. Tuikate leo, tufurahi. Tunaingojeshea nini tena?"

"Mama acha, nitaleta mimi," nikasema, nikakimbilia kiti. Lakini bwana yangu ni murefu. Alinyoosha mukono tu.

Akamupatia mama yake. Mama akafungua fundo mwenyewe, bila haraka, bado anacheka. Akaangalia bakuli la plastiki. Akaangalia sahani yake. Akaniangalia mimi.

"Ulisema ku soko."

"Mama, nisamehe. Nisamehe, mama!"

"Basi ku soko hakuna mutu," akasema. Hakupiga kelele. Akakunja kile kitambaa, akakitia kifuani, akaenda kulala na viatu miguuni. Nilimurudishia mutoto wake na nikamunyang'anya tena, na chakula kingali moto kwenye sahani.

Mudogo wangu alirudi Bukavu, hakuniaga vizuri. Bwana yangu ananipatia pesa ya chakula, anauliza kama watoto wameamuka, maneno yanaishia pale. Nilinunua fromaji ingine, kubwa kuliko ile, nikamuletea mama kwa mikono miwili. Akasema aksanti, akawakatia watoto yote ikaisha. Hajanitukana hata siku moja. Angenitukana! Angenichapa hata na mwiko, labda ningepata usingizi.

Wewe unayesoma, kama kwako kuna mutu aliyekimbia na kitu kimoja mukononi, usikiguse. Kinuke, kijaze kabati, kikuudhi, wewe uliza kwanza! Na ukisha kukosa, sema pale pale ungali umesimama. Usiweke uongo juu ya kosa. Mama angenisamehe ile fromaji, naamini. Ile furaha niliyomupatia bure ndiyo imemuvunja.

Sasa ona inayonishinda. Kila asubuhi nikiwasha mbabula, mama anakuja kukaa karibu yangu. Ananiuliza kwa sauti ya chini, bwana yangu asisikie.

"Mwanangu, fikiri vizuri. Sufuria ile ilikuwa kubwa. Hukuongeza hata kipande kimoja cha ku soko, ukachanganya?"

Nikisema ndiyo, atavaa viatu aende kumutafuta mwanawe kwa wauzaji wote wa muji huu. Nikisema hapana, nitakuwa nimemuua yule mwana kwa mudomo wangu mwenyewe. Napuliza makala, na yeye anangojea.