Mtaro Usio na Kosa

Harufu ya mafuta ya sangara hunirudisha Pasiansi, mtaa nilikokulia, hata leo. Mama alikuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ya kichwa na mifupa, na mafuta aliyoyeyusha aliyahifadhi kwenye chupa chini ya meza. Nyumba nzima ilinuka samaki, nasi tulinuka samaki, na shuleni tulitaniwa mpaka tukazoea. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu Deus alikuwa na kumi na tisa, na msimu ule hakuwa na neno jingine mdomoni ila mashindano ya baiskeli za milimani. Mshindi angechukuliwa kwenye timu ya mkoa, na Deus, aliyefeli kidato cha nne, alisema huo ndio mlango pekee uliobaki wazi kwake.

Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, yenye gia, na spoki zake alizifunga mwenyewe moja moja. Asubuhi alipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu na mfuko wa mchanga mgongoni, mimi nikiwa nimekaa juu ya jiwe na saa ya Mama, nikimpimia muda. Jioni tulitengeneza njia. Yeye alikata vichaka, mimi nikaokota kokoto, na pale njia ilipopinda kati ya majabali mawili alichimba mtaro ili maji ya mvua yasiile njia yake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema huku akichimba, mpaka nikachoka kuisikia. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufuta baiskeli na kutia mafuta ya cherehani kwenye mnyororo. Alinipa sharti moja: tone moja kila pingili, na ringi, ule mduara wa chuma unaobanwa na raba za breki, usiguswe na mafuta kabisa.

Siku moja kabla ya mashindano mafuta ya cherehani yaliisha. Deus alikuwa amelala akipumzisha miguu, nami sikutaka kumwamsha, nikachukua chupa ya Mama. Mnyororo ulipong'aa, roho ikanituma niendelee. Kila Jumapili Mama alitupaka mafuta usoni kabla ya kwenda kanisani, tusije tukaonekana watoto wasio na mama, na baiskeli nayo ilikuwa inakwenda mbele za watu. Nikaipaka yote, na ringi pia, nikasugua kwa kitambaa mpaka ikametameta. Sharti lake nililikumbuka vizuri. Nilidhani lilihusu mafuta ya cherehani tu.

Mchana ule alitaka kushuka kilima mara ya mwisho. Nilimsubiri chini. Nilisikia baiskeli ikija, kisha kishindo pale kwenye kona ya majabali, kisha sauti yake ikimwita Mama. Majirani walimbeba juu ya benchi, paja limevunjika. Baiskeli ikaachwa uani, na paka wa jirani akaanza kulamba gurudumu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimfukuza paka, nikaosha ringi zote mbili kwa sabuni na majivu kabla mtu hajauliza. Hospitalini Deus alimwambia Mama, "Ni ule mtaro. Niliuchimba vibaya, udongo umelowa, breki hazikushika." Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chake, nikimsikia.

Miezi yote aliyolala na plasta alinituma kilimani. "Neema, mdogo wangu, nenda kapange mawe kwenye mtaro wetu, asije mwingine akaumia." Nilikwenda. Nilibeba mawe kichwani, nikayapanga, nikayapangua, nikayapanga tena, nikilia huku ziwa likionekana lote pale chini. Wazee husema mficha uchi hazai, nami nilificha.

Hakupanda tena baiskeli. Alichechemea maisha yake yote, akiuza vipuri vya baiskeli Mkuyuni na kuwafundisha wengine kukaza breki. Mwaka alipougua nilikwenda kwake nikiwa nimeazimia kusema. Nikamwamkia shikamoo kaka, akaitikia, na kabla sijaketi akaniuliza, "Mtaro wetu bado upo?" Nikamjibu upo. Akatabasamu. "Basi kosa langu ulilirekebisha," akasema. Sikuweza kusema tena. Tulimzika mwezi uliofuata.

Sasa nyumba zimepanda mpaka katikati ya mawe, na kipande cha njia kilichobaki wanakitumia vijana wenye helmeti na breki za kisasa, wasiojua ni nani aliyekitengeneza. Kila mwaka kabla ya mvua napanda na jembe. Kwingine kote njia imeliwa na maji. Mtaro umebaki imara kama siku ile, maana haukuwa na kosa lolote, na bado ndio ninaoanza kuurekebisha.