Matawi Niliyoyaacha Kwenye Lami

Wenzangu wa kambini Gitega wanausimulia mkasa huu vizuri kuliko mimi, na kila mara wanaongeza kitu, siku hizi kuna hata mbuzi ambaye hakuwepo kabisa, kwa hiyo nimeona heri niuandike mwenyewe, ingawa aibu ni yangu na shule yangu ni ndogo, ili angalau huyo mbuzi atoke.

Niko kwenye kikosi cha upelelezi, wale wanaotangulia mbele na magari ya deraya, sisi tunayaita blende. Watu wakiona blende wanafikiri kazi yetu ni kupiga mizinga. Hapana. Kazi yetu ni kujificha na kutazama. Unakaa ndani ya chuma, jua linakipika, harufu ya dizeli inakuingia mpaka kwenye mate, unachungulia kwenye kidirisha chembamba kama mdomo wa sanduku la barua, na ukiona kitu unakisema kwenye redio. Na mimi hapo ndipo ninapoteseka, maana sijiamini: yule mtu amepita kweli au ni macho yamechoka? Nikisema nimeona kumbe hakuna, aibu, nikinyamaza kumbe yupo, wenzangu walio nyuma wanakufa (kwenye mazoezi hawafi, lakini tumbo langu halijui tofauti).

Siku hiyo tulitoka Gitega mpaka Muyinga kwa mazoezi, na mimi nilikuwa ninajaribiwa kuwa mkuu wa gari. Ajida wetu, ndicho cheo cha afande anayetuongoza, mtu anayetisha kwa sababu hapigi kelele, aliniambia, "Eliya, ukifaulu, blende ni yako. Ukishindwa, unarudi getini." Getini ndiko nilikotoka, kazi kuinua na kushusha ule mti wa kuzuia magari, na mama yangu kule Giheta alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa sokoni kwamba mwanawe anaendesha chuma (siendeshi, dereva ni Selemani, lakini nilimwacha aseme).

Amri ilikuwa nyepesi. Tujifiche kando ya barabara ya Kobero. Wenzetu wa kundi jingine watapita wamevaa kiraia, hao ndio adui, tukiwatambua tuseme. Raia wasijue tupo, na wakituuliza tusieleze kitu.

Sheria ya kufunika gari ni kukata matawi mbali, nyuma ya kilima, uyafunge kwa kamba ndipo uyalete. Lakini tulikuwa tumechelewa (si kosa la Selemani, mimi ndiye niliyeomba tusimame nijisaidie, tena zaidi ya mara moja, ndivyo nilivyo nikiwa na wasiwasi), nikaona mikaratusi mizuri ng'ambo tu ya barabara, nikakata, nikavuka nimekumbatia mzigo bila kamba, na matawi kadhaa yakaniponyoka kwenye lami. Niliyaona. Mkasa wote uko hapo: niliyaona, nikasema moyoni upepo utayatoa.

Kwa asiyesafiri njia zetu, lori likiharibika dereva anakata matawi na kuyatandaza barabarani, ndiyo namna ya kuwaambia wengine punguzeni mwendo, mbele kuna gari limekufa. Kila mtu anajua. Na mimi najua tangu utoto. Siku hiyo nilikuwa mwanajeshi mno, sikukumbuka.

Lori la kwanza likaja limejaa saruji, likaona matawi, likafunga breki. La nyuma yake likasimama, na la nyuma ya hilo, na baiskeli za ndizi, na wanawake waliotoka sokoni. Dereva wa lile la kwanza akashuka kutafuta gari lililokufa, hakuliona, ila akaona alama za magurudumu yetu zinatoka kwenye lami na kuingia kichakani. Akazifuata. Mimi kwenye kidirisha nauona uso wake unakuja, unakuwa mkubwa, mpaka ukaziba mwanga.

"Mungu wangu, poleni sana makamanda!" akasema. Kisha akageuka akapiga kelele, "Njooni! Gari la jeshi limepata ajali!"

"Selemani, tufanye nini?" nikanong'ona.

"We sha, mkuu wa gari ni we. Mi siko hapa."

Nikatoa kichwa. Nikasema si ajali.

"Sasa mumeingia kichakani kufanya nini?" akauliza kijana mmoja wa baiskeli.

Amri ni kutoeleza. Nikasema, "Tumekaa tu."

"Amegonga kichwa huyu," akasema mama mmoja kwa huruma, akaniita mwanawe na kunipa maji. "Yoo, mwana wanje, kunywa. Iko na damu?"

Redio ikalia. Ilikuwa sauti ya Ajida.

"Eliya, unaona nini?"

"Malori, Ajida. Mengi. Yamesimama."

"Na watu?"

"Wengi."

"Wako umbali gani na wewe?"

Nilifikiri sana, maana ripoti lazima iwe ya kweli. "Wameshika gari, Ajida."



Huku nje walikuwa wameshatufunga kamba kwenye lile lori. Selemani akatoa breki na kuwasha injini, kamba isije ikakatika ikaumiza watu, na alifanya vizuri, wanaomlaumu wanamwonea. Lori likavuta, watu wakasukuma kwa wimbo, na blende yetu ya kujificha ikapanda barabarani na majani yake yote kama gari la harusi, ikapigiwa makofi. Vijana wawili wa baiskeli ndio waliosukuma kuliko wote. Nilishuka nikawashika mkono mmoja mmoja. "Asanteni, kaka zangu."

Jioni, mbele ya kikosi, Ajida akaniuliza kama nilimwona adui. Nikasema sikumwona. Wale vijana wawili wa baiskeli wakasimama, sasa wamevaa sare. Mmoja akasema, "Tulionana, kaka. Ulinishukuru." Sitaandika jinsi watu walivyocheka.

Nilikuwa tayari kufunga virago niende getini. Ajida akasubiri wanyamaze. "Blende sikupi," akasema. "Lakini ulichosema kwenye redio kilikuwa kweli chote, hata cha aibu. Utabaki kwenye kidirisha. Na kila mazoezi, utapita wewe kwanza na ufagio."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Nafagia lami kabla ya mtu yeyote kujificha, na nimeapa hata jani moja silipiti. Mama nilimweleza ukweli. Sasa sokoni anasema mwanawe ndiye anayekitangulia chuma.

Juzi nikiwa likizo Giheta niliona matawi barabarani. Wengine walikimbilia mbele moja kwa moja kusaidia. Mimi nilichungulia kichakani kwanza, huku na huku, nikaita taratibu, "Wenzangu, mpo?" Hakujibu mtu. Kulikuwa na lori tu, na dereva wake anatoka jasho. Nikavua koti, nikasukuma.