Lidia Alivyoufuta Mstari wa Zawadi

Ukitaka kumkuta Lidia pale Mbinga mjini, fuata kelele za kwaya. Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la Nasma, na humo anaediti video za harusi, komunyo na jubilei kutwa nzima, huku akiimba kuwashinda waimbaji wenyewe. Kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Alijifunzia Dar es Salaam, na huko walimkaririsha jambo moja: mtazamaji huchoka upesi, kwa hiyo kata!

Basi akakata. Video ya misa ya kwanza ya Padre Othmar, kijana wa kijiji cha Maguu, ilikuwa na saa nzima ya watu waliopanga mstari kumpa padre zawadi. Lidia akaifanya dakika tatu, akatia na muziki, roho yake kwatu. Kisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa na kwaya moja ya Mbamba Bay inamngoja akairekodi ufukweni, akafuta picha zote za mwanzo.

Mama Beata, mzazi wa padre, akateremka mjini kuiangalia. Zile dakika tatu zilipopita, akainuka kitini.

"Mwanangu, watu wangu wako wapi?"

"Nimepunguza, mama, isichoshe."

"Imchoshe nani? Mzee Placidi alitembea kutoka bondeni na jogoo mkononi, leo hayumo! Mimi nitapita njia gani? Watasema tumekula vyao, halafu tumewafuta." Machozi yakamlengalenga. "Warudishe."

Warudishwe kutoka wapi? Lidia alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua habari hii ikifika Maguu hakuna atakayemwita tena, hata kwa kipaimara cha mtoto mmoja. Lakini hakuweza kumdanganya mama wa watu.

"Nimefuta, mama. Nisamehe. Nipe Jumamosi moja tu, nirekodi upya."

Mama Beata akaguna. "Utawaambia mwenyewe."

Lidia akapanda Maguu, akawaambia mwenyewe, Jumapili baada ya misa. Mara Mzee Placidi akapaza sauti, "Sasa shida iko wapi? Si tupange mstari tena!" Kanisa zima likaangua kicheko.

Jumamosi Padre Othmar akaja kutoka Mpepai anakohudumu, akaketi kwenye kiti kilekile alichopokelea zawadi. Kizaazaa kikawa jogoo. Yule wa kwanza alishaliwa siku ya sherehe, na sasa Mzee Placidi kaletewa mweupe.

"Huyu simjui! Wangu alikuwa mwekundu. Mnataka nidanganye mbele ya padre?"

Vijana wakazunguka Maguu nzima mpaka akapatikana mwekundu. Walikuwa wamekubaliana kwamba ni kuigiza tu, kila mtu ataondoka na chake. Thubutu! "Nirudi na mahindi yangu nyumbani, majirani wanioneje?" alisema mama mmoja, akabwaga gunia. Na wengine vivyo hivyo. Padre akapokea kwa mara ya pili huku akicheka hadi miwani ikamdondoka, akamnong'oneza Lidia, "Dada, mwakani ufute tena."

Wiki iliyofuata wakajaa ukumbi wa kanisa mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Saa moja na dakika saba! Lidia hakukata hata kikohozi. Mama Beata alitaja kila mtu kwa jina, na Mzee Placidi alipotokea na jogoo wake, vigelegele vikafunika sauti ya video. Lidia alisimama nyuma akingoja waanze kupiga miayo na kuinuka. Hakupiga miayo hata mmoja, na jamani, furaha aliyoisikia siku ile hajawahi kuipata mbele ya kompyuta.

Video ilipokwisha Mama Beata akageuka, uso umemchanua.

"Mwanangu, rudisha mwanzo. Shemeji yangu Stephano alitoka nje kidogo, hakujiona."