Kadi Iliyogoma Kushika Mtandao

Kila asubuhi, kabla hajagusa kompyuta ya mtu, mama fundi wa karibu na soko la Tarime huvua bangili zake, kisha hushika nondo za dirisha ili umeme wa mwilini umtoke. Hakuruka hatua hiyo hata siku Dorka alipomletea kompyuta ya kibanda chake kipya cha huduma za mtandao, huku vijana wakimsubiri kule awajazie maombi ya vyuo, na mwisho wa kuyatuma ni jioni hiyo. Kompyuta iliiona kadi ya mtandao, ila mtandao haukushika. Ochieng wa duka la simu la jirani alichungulia akasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine.

“Wewe Ochieng, ng'ombe akigoma kutoa maziwa unamchinja siku hiyohiyo?” fundi alimjibu kwa sauti yake nene. Aliifuta programu inayoendesha kadi, akaweka inayolingana nayo, macho yakiwa kwenye kadi nyuma ya mashine. Taa ndogo ya kijani ya kadi ilipoanza kupepesa, ishara kwamba mtandao umeshika, alipiga meza. “Nani kama mimi Tarime hii!”

Dorka alimuuliza alijuaje kwamba kadi ni nzima.

“Sikujua, mwanangu. Nilianza na kisichoharibu kitu.”