Msimu wa Mabibo Bila Klementina

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mikorosho ya Mtua, wilayani Nachingwea, na Scholastika Lukasi tayari ameinama. Anaokota bibo, ananyofoa korosho, anaitia kwenye ndoo. Bibo lenyewe analipeleka puani, analinusa, kisha analirusha kwenye lundo.

“Harufu hii ndiyo dada yangu,” anasema bila kuinuka.

Lundo hilo atawaachia majirani. Watakuja kulizoa, wakamue uraka, pombe ya mabibo ambayo msimu wa korosho haikosekani vijijini huku.

Zamani asingewaachia hata moja. Scholastika, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 44, alikuwa mkamuaji ambaye uraka wake ulifuatwa na watu hata kutoka Lionja. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa dada yake, Klementina, aliyeolewa Mbwemkuru, wilayani Ruangwa. Kila msimu Klementina alifunga mzigo wake, akaja kukaa naye mpaka mabibo yaishe.

“Jioni wateja wakipungua tulikuwa tunajimiminia na sisi,” anakumbuka. “Kikombe kimoja, anakunywa yeye, nakunywa mimi. Hapo ndipo tulipoongea. Mambo ya waume zetu, ya watoto, ya marehemu mama. Mwaka mzima nilikuwa naisubiri jioni ile.”

Msimu mmoja Klementina hakuja. Scholastika alipomfuata Mbwemkuru alimkuta kitandani, titi la kushoto limefanya kidonda. Kivimbe alikuwa amekigundua tangu masika, akadhani ni jipu. Alikikanda kwa majani, akasema ataenda hospitali ufuta ukishavunwa. Alipokwenda, saratani ilikuwa imeshasambaa.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Mama yao naye aliondoka kwa ugonjwa wa titi, enzi ambazo watu walisema amerogwa.

Baada ya arobaini, woga ulihamia kwa Scholastika. Kila akioga alijipapasa matiti akitafuta uvimbe. Mwishowe alikwenda zahanati, akaketi mbele ya nesi aitwaye Amna na kumuuliza moja kwa moja: “Na mimi zamu yangu lini?”

Nesi Amna hakumcheka. “Mama, hakuna anayeweza kukuapia kwamba hutaugua,” alimjibu. “Na dada yako hakujitakia, usije ukamlaumu. Ila hatari inaweza kupunguzwa.”

Akamweleza kwamba pombe, hata kidogo, inaongeza hatari hiyo. Kwamba mwili ukizidi uzito, hasa mwanamke akishakoma hedhi, nao unaongeza. Kutembea na kufanya kazi za kutoa jasho kunasaidia, na kunyonyesha pia kunamkinga mama. Kisha akamsisitizia: “Kwako wewe, mama na dada wameshaugua. Usisubiri uvimbe. Njoo upimwe.”

Mengine hayakumpa shida. Kwa kukaa kutwa nzima kando ya mapipa ya uraka alikuwa amenenepa, basi akaacha bodaboda, akawa anakwenda shambani kwa miguu. Mihogo ya kukaanga akaibadilisha kwa ya kuchemsha na kisamvu.

“La pombe ndilo lililonikaa kooni,” anasema.

Aliacha kunywa, kisha akaacha na kuuza. Uraka ulikuwa ukimpa hela ya kila siku, ilhali korosho na ufuta humsubirisha mpaka mnada. “Mwaka wa kwanza tulikula mbaazi mpaka watoto wakaninunia,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Msimu huohuo jirani yake, Mwamina, alimletea kikombe kilichojaa uraka.

“Mama Edwin, onja tu. Wa leo huu.”

Scholastika alikipokea kwa mikono miwili. Alikishika muda mrefu mpaka Mwamina akaanza kuona haya.

“Nilitamani, sikufichi,” anasema sasa. “Wala haikuwa kiu. Niliona nikimeza funda moja tu, Klementina atakaa hapa pembeni, tuendelee tulipoishia.” Alimrudishia jirani kikombe, akaingia ndani kulia.

Mwaka huu hofu ilimpeleka tena Mbwemkuru. Catherine, binti wa Klementina, alikuwa na mtoto wa miezi mitano na alitaka kumwachisha ziwa ili arudi kwenye biashara yake ya mitumba Ruangwa mjini. Scholastika alimsihi aendelee kunyonyesha, kwa afya ya mtoto na yake pia.

Catherine alimsikiliza mpaka mwisho. “Mama mdogo,” akasema, “mama alininyonyesha mimi na wadogo zangu wote. Mbona amekufa?”

Scholastika anasimulia alivyomjibu.

“Nikamwambia, sijui, mwanangu. Hata nesi hajui yote. Mvua hatuijui lakini tunalima. Na wewe ndiye uliyebaki na sura yake. Nikikuona kule mbali unakuja, moyo unashtuka.”

Mtoto alipolia, Catherine akampakata, akampa ziwa. Wiki iliyofuata alimpigia simu mama yake mdogo: anakwenda gulioni na mtoto mgongoni, ananyonyesha palepale kwenye meza ya nguo. Na Scholastika akienda kupimwa mwaka huu, waende pamoja, maana yeye Catherine peke yake anaogopa.

Walikwenda. Wote wawili waliambiwa hakuna dalili yoyote, ila warudi kila mwaka.

Scholastika sasa anafyatua matofali nyuma ya nyumba yake. Anataka kujenga chumba cha Catherine, aje na wanawe msimu ujao wa korosho, akae mpaka mavuno yaishe. Wateja wa zamani humtania kwamba anajenga kilabu kipya cha pombe. Yeye huwaacha waseme.

“Kwetu sijawahi kuona mwanamke akizeeka,” anasema huku akifuta utomvu viganjani. “Bibi simkumbuki, mama aliondoka na nywele nyeusi, dada hivyo hivyo. Natamani nimwone mmoja wetu ana mvi kichwa kizima, anatembelea fimbo, anagombeza wajukuu. Kama si mimi, basi awe Catherine.”