Idarusi na Korido ya Kilburn

Juzi basi lilinipitisha Kilburn, nikatazama juu dirisha letu la zamani. Wametia mapazia meusi. Nikajisemea, hawa waliomo humo hawajui kuwa korido yao ilikuwa kiwanja.

Miaka ile ya tisini tulibanana humo mimi, mwanangu Mwanaisha, na mwanawe Idarusi, aliyezaliwa Kanada akaletwa London hata meno hajamaliza kuota. Korido ilikuwa nyembamba, ndefu, inaanzia mlangoni inaishia jikoni. Nikikaanga kalimati, nyumba nzima inanukia hiliki, Idarusi atachukua mto wa kochi, aubane kwapani, atimke. Mama yake atamzuia, jirani yetu Bi Zuwena atamzuia kwa unene wake wote, mtoto anapenya tu. Mwisho nimesimama mimi, nimetanua kanga, aje ajitupe humo. Hapo mchezo umekwisha. Mama Furaha, Mkongomani wa fleti ya chini, anagonga dari kwa ufagio. Baadaye nikimpelekea kalimati ananiuliza, "Bibi Raya, ule ni mtoto ao ni ng'ombe?"

Alipoota ndevu baba yake akamwita Kanada. Tukasikia anacheza mpira, tena ndiyo kazi yake. Nikatangaza Kilburn nzima. Video ya mechi yake ilipoletwa, Bi Zuwena alikuja na kashata, Mama Furaha akapanda na wanawe, tukakaa kungoja afunge goli. Mara tunaona wanaume wenye kofia ngumu zenye vyuma usoni wanarundikana kama magunia ya mbata. Bi Zuwena akauliza, "Bi Raya, mpira huu au ugomvi?"

Sura zao hazionekani. Lakini mmoja alipewa mpira mkononi, akaubana kwapani, akatimka. Nikasema ndiye huyo. Kumbe mpira wa huko ni wa mkononi, na kazi yake ni ile ile, akimbie nao mpaka wamwangushe. Nikatazama kule mwisho anakokimbilia, nani anamngoja. Hakuna mtu.

Kisha goti likavunjika. Wakalipasua, akarudi uwanjani, likavunjika tena, na timu ikamwacha. Akaja kwangu na magongo. Kila asubuhi nilimchua kwa mafuta ya nazi niliyotia karafuu, na nikifika penye kovu anageuzia uso ukutani. Sote tulijua anachokingoja: goti likae sawa, wamwite tena.

Asubuhi moja nilitoka jikoni nikamwona ameyaacha magongo mlangoni. Anakuja kwa korido ile ile, ameshika ukuta, mguu mmoja anauburuza. Nikatanua kanga. Alichukua muda mrefu, mwanamume mzima, hata akanifikia, akaniegemea kwa uzito wake wote. Yeye siku zote nikimsemesha hunijibu Kiingereza. Siku ile alisema kwa Kiswahili, "Bibi, sikimbii tena."

Nikamwambia, "Umefika, mwanangu."

Tukasimama pale. Nikasikiliza chini. Hakuna aliyegonga.

Bi Zuwena tumeshamzika. Mama Furaha alihamia Croydon, na simu yake haipokelewi tena. Idarusi alirudi Kanada, anaendesha lori. Siku ya Idi hunipigia simu, sauti yake imekuwa ya baba mtu mzima. Mimi nimepewa fleti ya chini mtaa mwingine, kwa kuwa ngazi zimenishinda. Juu yangu kuna watoto, wanakimbia tangu wanapotoka skuli. Mwanaisha akija ananiambia, mama, chukua ufagio ugonge.

Sigongi. Nawasikiliza mpaka wafike mwisho.